Karakana ya Chama: Feni Iliyosikika Nyuma ya Sauti ya Babu

  Toleo lililopita tuliahidi kwamba safu hii ingeeleza namna ya kuchagua simu ya mtumba bila kulizwa. Ahadi hiyo tunaisogeza mbele. Mwezi wa pili kompyuta ya chama ilitaka kutufia mikononi, na tuliyojifunza kabla haijakata roho tunaona heri tuyaandike sasa, tukiwa bado tunayakumbuka.

Kwa wale ambao hawajafika chumbani kwetu mwaka huu: kompyuta yenyewe ni ile kubwa nyeusi, ya mezani, tuliyoachiwa na waliohitimu. Mwezi wa tisa tulipohamishiwa chumba kipya, meza ilikuwa ndogo, kwa hiyo tukaiweka chini, juu ya zulia. Humo ndimo zinamokaa rekodi zote za mradi wetu wa wazee: mazungumzo ya Kiswahili tuliyoyanasa humo humo chumbani, wazee wakija mmoja mmoja siku za Jumamosi kutoka Scarborough, Etobicoke na Mississauga. Kulikuwa na nakala moja tu. Ndiyo, moja. Walimu mlituuliza kuhusu nakala ya pili mara mbili, nasi tukajibu mara mbili kwamba iko njiani. Na bibi mmoja kati ya wale tuliowarekodi alitutoka mwezi Desemba, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ndani ya kisanduku hicho na kwingine kokote haikuwepo.

Aliyegundua ugonjwa si sisi. Ni Babu, yule aliyekuwa fundi redio Kariakoo miaka ya sabini kabla ya kuja huku. Tulimwita aje asikilize rekodi zake ili atusaidie maneno tuliyoshindwa kuyaandika. Tukamchezea ya mwezi wa tisa, kisha ya Novemba, kisha ya Januari. Katikati ya hadithi yake mwenyewe akainua mkono.

“Simamisheni hapo. Hilo panka lenu linakufa.”

Tukamwambia, “Babu, hakuna panka humu ndani.” Akacheka. Akatuambia turudishe nyuma tusisikilize maneno, tusikilize kilicho nyuma ya maneno. Na kweli. Mwezi wa tisa kulikuwa na mvumo laini, kama wa friji ya chumba cha pili. Novemba mvumo ule ulikuwa mzito zaidi na mwembamba kwa mbali, kana kwamba kitu kinazunguka kwa haraka kuliko kawaida. Januari, dakika za mwanzo za kila rekodi zilikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayekuna nazi, kisha unapungua taratibu, na Babu anaendelea kusimulia kana kwamba hakuna kitu. Miezi mitano tulikuwa tumekaa chumba kimoja na kelele ile na hakuna aliyeiuliza jina.

Tukiwa kwenye majina: Babu husema panka, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Wengi wetu tulikulia kwenye feni. Mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Bukavu, kwao hulitaja kwa Kifaransa. Na kile kisanduku chenyewe cha umeme, mwalimu mmoja angependa tukiite kifaa cha ugavi wa umeme, na ni sahihi kabisa, ila Babu anasema ukikiulizia hivyo dukani Kariakoo utaulizwa kama wewe ni afisa wa serikali. Tutasema pawa saplai, kama mafundi wasemavyo.

Kazi ya pawa saplai ni hii. Umeme wa ukutani hapa Kanada ni volti 120, tena ni mkondo geu, unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Vitu vilivyomo ndani ya kompyuta haviutaki hivyo. Bodi kuu, diski na feni zinataka mkondo mnyoofu kama wa betri, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai inaugeuza, na katika kuugeuza sehemu yake inapotea ikawa joto. Chukua pawa saplai inayotoa wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 80: inavuta wati 375 kutoka ukutani, na zile 75 za tofauti zinabaki ndani ya kisanduku chenye upana wa sentimita 15 na kimo kisichofika sentimita 9. Ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 75 ndani ya kopo la biskuti kisha kulifunika. Kompyuta yetu haili umeme mwingi kiasi hicho, lakini hesabu ni ile ile kwa kipimo kidogo. Feni ndiyo pekee inayolitoa joto hilo nje.

Ikidhoofu, mara nyingi hakuna kinacholipuka siku hiyo. Vinavyoumia kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyolainisha umeme usije kwa mawimbi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita unakatika karibu nusu. Kapasita zikichoka, umeme unaofika kwenye diski unaanza kuyumba, kompyuta inajizima yenyewe bila kuaga, na ikijizima diski ikiwa katikati ya kuandika, faili unalofungua kesho linaweza kuwa tupu. Hapo ndipo tulipoacha kucheka.

Jambo la kwanza tulilofanya, na hili tunajivunia, ni kunakili. Babu alisema tusiguse bisibisi kabla rekodi hazijawa mahali pengine pawili. Tukaizima, tukaiacha ipoe, tukaiinua kutoka kwenye zulia na kuiweka juu ya kamusi mbili nene. (Mwalimu aliyepita akaziona: hazikuchanika, na tumezirudisha kabatini.) Tukafungua ubavu wa kompyuta, na kwa kuwa ilikuwa Februari tukafungua na dirisha. Kunakili kulichukua saa nne, sote tukiwa na makoti na kofia, mkono mmoja ukiwa na chai. Jirani wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama kipasha joto chetu kimeharibika.

Jambo la pili tulilofanya lilikuwa kosa. Tuliona feni nyuma ya kompyuta, ile inayotoa hewa ya kasha zima, tukaamua kwamba ndiyo mgonjwa. Wawili wakapanda tramu namba 506 hadi maduka ya kompyuta ya College Street, karibu na Spadina, wakarudi na feni mpya ya milimita 120. Tukaifunga kwa bidii. Tukawasha. Mkwaruzo ule ule. Tulikuwa tumebadilisha feni nzima isiyo na kosa lolote.

Kwa hiyo, wenzetu, kabla ya kununua chochote, tafuta kelele inatoka wapi. Njia aliyotuonyesha Babu ni ya bure: kunja karatasi iwe kama bomba, ncha moja sikioni, nyingine izungushe karibu na kila feni bila kugusa. Pili, zima kompyuta, chomoa waya wa feni ya kasha kwenye bodi, washa kwa dakika moja tu. Kelele ikibaki, si hiyo. (Feni ya prosesa usiichomoe.) Tatu, shika kipande cha tishu mbele ya tundu la nyuma la pawa saplai. Feni hii huvuta hewa kutoka upande wake mmoja na kuisukumia nje kwa nyuma, kwa hiyo tishu inapaswa kupeperuka ikikukimbia. Yetu ilitikisika kidogo tu, kama mtu anayeamka.

Msitegemee programu kwa hili. Zile programu zinazoonyesha kasi za feni husoma feni zilizochomekwa kwenye bodi kuu. Feni ya pawa saplai katika kompyuta nyingi imefungwa ndani ya kisanduku chake na haiongei na bodi, ndiyo maana skrini yetu ilionyesha kila kitu kijani huku mgonjwa akikoroma. Sikio ndilo kipimo.

Na sikio lenyewe linahitaji kufundishwa. Mkwaruzo unaokuwepo asubuhi na kupungua mashine ikipata moto maana yake kwa kawaida ni mafuta yaliyokauka. Feni nyingi za bei nafuu huzunguka juu ya bushi, yaani mhimili ndani ya kishimo laini chenye mafuta kidogo; mafuta yakizeeka huwa mazito, na kwenye baridi huwa mazito zaidi. Chumba chetu hupunguziwa joto wikendi, na sisi tulikuwa tukirekodi Jumamosi asubuhi. Feni za gololi hudumu zaidi kwenye joto ila zikichakaa hupiga kelele ya kusaga isiyopungua hata mashine ikipata moto. Kugonga-gonga kwa mpigo sawa mara nyingi ni waya unaogusa mapanga. Kuna na sauti nyembamba kama ya mbu inayobadilika ukisogeza ukurasa kwenye skrini: hiyo si feni kabisa, ni koili zinazotetemeka kwa umeme, inaudhi tu. Na kuna feni ambayo haizunguki na ni nzima! Pawa saplai nyingi za siku hizi husimamisha feni kazi ikiwa ndogo, kisha huiwasha joto likipanda. Mwenzetu mmoja alikaribia kuirudisha yake dukani, kumbe ilikuwa imepumzika.

Chanzo cha ugonjwa wetu kilipatikana tulipoilaza kompyuta ubavu. Katika kasha letu pawa saplai iko chini, na feni yake inatazama sakafuni. Sisi tulikuwa tumeiweka juu ya zulia. Miezi mitano ilikuwa ikivuta hewa kupitia manyoya ya zulia, na tundu lote lilikuwa limezibwa na blanketi la vumbi la kijivu ambalo ungeweza kulikunja. Joto lilipopanda, kihisi cha ndani kiliiamuru feni izunguke haraka zaidi (huo ndio mvumo mwembamba wa Novemba), na kuzunguka haraka ndani ya joto kukakausha mafuta. Babu akatikisa kichwa akasema hata kuku hawezi kupumua akikalia pua yake.

Hapo tukafanya kosa la pili. Tukachukua kopo la hewa ya kupulizia vumbi na kupuliza kwa nguvu tundu lote. Vumbi lilitoka, tukashangilia, na feni ikazunguka kwa kasi ya ajabu ikilia kama mbu. Usifanye hivyo. Upepo wa kopo unaweza kuizungusha kuliko kasi iliyotengenezewa na kumaliza bushi iliyokwisha choka. Ingiza kijiti cha plastiki au cha mbao kupitia wavu, mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa ukutani, zuia panga moja lisizunguke, kisha puliza kidogo kidogo. Fanya nje, au angalau mbali na chai. Baada ya upulizaji wetu mkwaruzo haukupungua tena hata baada ya dakika kumi.

Usiku huo mwenzetu mwenye mjomba fundi Mombasa akampigia kwa WhatsApp. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, habari za baridi, kisha tukamsikilizisha feni. “Mwanangu, hiyo mbona kazi ndogo? Fungua, bandua kile kibandiko katikati ya feni, tone moja la mafuta ya cherehani, funga. Nikikuuzia mpya hapa utalia.” Tukafurahi, tukatafuta bisibisi. Babu, aliyekuwa amekaa kimya na chai yake, akaiweka chini.

“Mjomba wako ana mkono wa kazi. Nyinyi mna mkono wa kalamu.”

Akatueleza, na hapa tunaomba msome polepole. Kapasita kubwa za ndani ya pawa saplai hujazwa umeme wa moja kwa moja kutoka ukutani. Kwenye umeme wa volti 230 wa nyumbani hufika kama volti 325, na katika pawa saplai nyingi za kisasa hata karibu 400, huku Kanada vilevile. Ukichomoa plagi, umeme huo haukimbii mara moja. Unaweza kubaki humo kwa muda, ukimngoja mwenye bisibisi. Fundi anajua pa kupima na namna ya kuutoa. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, redio ya valvu ilimrusha kutoka kwenye kigoda, na tangu siku hiyo hufanya kazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifuani. Alituonyesha alivyokuwa akikaa. Tulidhani ni mzaha.

Ubishi ulikuwepo, tusidanganye. Baadhi yetu tuliona aibu kutupa kisanduku kizima kwa ajili ya feni ya volti 12. Majumbani mwetu tumelelewa na watu ambao hawatupi pasi hadi imekufa mara tatu, na mjomba hakukosea hata kidogo kwa mahali alipo: kule pawa saplai mpya ni pesa nyingi na fundi yuko mtaani. Lakini hapa mpya ya wati 400 ilitugharimu dola 60 na ushee, na hakuna kati yetu anayejua kutoa umeme kwenye kapasita. Tukapiga kura, tukanunua. Kuifunga mpya hakuhitaji kuifungua: skrubu nne nyuma, nyaya zako kwenye bodi na diski, na usichanganye nyaya za pawa saplai ya zamani na mpya hata kama plagi zinaingia, kwa sababu upande wa kisanduku kila kampuni hupanga pini inavyotaka.

Ile ya zamani Babu aliiomba. Akaondoka nayo kwenye mfuko wa sokoni, akapanda basi. Baada ya wiki moja akairudisha ikiwa na feni mpya ya gololi, ukubwa ule ule, volti zile zile, akiwa ameigeuza upande sahihi wa upepo (kwenye feni nyingi hewa hutokea upande ule wenye vishikio vya mota na kibandiko). Tuliiwasha tukaweka tishu nyuma. Tishu ilituruka mkononi.

Sasa inakwenda Tanga mwezi wa saba, na mwenzetu anayekwenda kumwona shangazi yake, ambaye ana kompyuta isiyowaka. Tuliuliza kama feni iliyozoea Kanada itazunguka sawasawa huko, kwa kuwa Tanzania ni volti 230 na mara 50 kwa sekunde. Itazunguka vile vile. Feni hii haiuoni umeme wa ukutani kamwe, inakula volti 12 za mkondo mnyoofu, tofauti na feni ya mezani ya hapa ambayo ukiichomeka moja kwa moja kule utaiunguza. Hatari iko kwa kisanduku chenyewe. Pawa saplai nyingi mpya zimeandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe. Hii yetu ni ya zamani, ina kile kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230. Ukikiacha kwenye 115 ukachomeka Tanga, utasikia mlio mmoja, na shangazi atasikia na harufu.

Babu hakukigeuza kabla ya kuirudisha, kwa sababu alitaka tuijaribu kwanza hapa. Kwa hiyo kiko bado kwenye 115, na juu yake tumebandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: GEUZA KWANZA. SHANGAZI, USICHOMEKE KABLA YA KUGEUZA.